Je, Kompyuta Yaweza Kutunukiwa Cheo cha Bingwa Mkuu wa Sataranji?

1. Chanzo cha suala

Mwezi wa Novemba 1988, huko Long Beach katika jimbo la California, Marekani, kulifanyika mashindano ya sataranji ambamo mmoja wa washiriki hakuwa mtu. Ilikuwa ni kompyuta iliyoitwa Deep Thought, kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kompyuta hiyo ilimshinda Bent Larsen wa Denmark, mchezaji aliyewahi kuhesabiwa miongoni mwa wakubwa kabisa duniani, na mwishowe ikashika nafasi ya kwanza sawia na Mwingereza Tony Miles. Kwa kuwa kanuni hazikuiruhusu mashine kupokea fedha, zawadi ya kwanza alipewa Miles peke yake.

Kama mshindi huyo mwenza angalikuwa kijana wa miaka 20, watu wangalisema kwamba ameanza safari ya kukiendea cheo cha juu cha mchezo huo. Kwa kompyuta, ilikuwa vigumu kujua la kusema. Makala hii yakusudia kulichunguza swali lililozaliwa siku zile, yaani kama mashine inayocheza sataranji yaweza kustahili cheo ambacho Kifaransa hukiita "grand maître". Huenda msomaji akadhani swali limekwisha kuzeeka, kwa vile leo hata simu ya mkononi humshinda mchezaji bora wa dunia. Sisi twaonelea kwamba halijazeeka bali limegeuka, na kugeuka kwake kunawahusu hata wale wasiojua farasi wa sataranji huruka vipi.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme neno juu ya maneno. "Sataranji" tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Waajemi, na Waajemi kutoka Bara Hindi. Kwa hiyo jina lenyewe lina safari ndefu kuliko mchezo ulivyoenea miongoni mwetu. Ama cheo chenyewe, tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "mwalimu mkuu", na papo hapo tungejikuta katika ofisi ya shule ya msingi. Tumechagua "Bingwa Mkuu", tukilichukua neno bingwa katika maana yake ya mjuzi aliyebobea, si katika maana ya aliyeshinda kombe mwaka huu. Tofauti hii si ndogo. Bingwa wa Dunia ni mmoja, na huweza kuvuliwa taji na atakayemshinda. Mabingwa Wakuu ni wengi, na cheo chao ni cha maisha.

2. Cheo hupatikanaje

Shirikisho la Sataranji Duniani, ambalo hujulikana kwa kifupi cha Kifaransa FIDE, liliundwa mjini Paris mwaka 1924. Cheo cha Bingwa Mkuu kilianza kutolewa rasmi mwaka 1950, wachezaji 27 walipotunukiwa kwa mpigo mmoja. Siku zile sifa za mtu ndizo zilizotangulia: wajuzi walimjua mjuzi mwenzao. Utaratibu huo si mgeni kwa Waswahili. Mtaalamu Mholanzi Alexander de Voogt, aliyeandika tasnifu ya Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya ubingwa katika mchezo wa bao, aliwachunguza mafundi wa Zanzibar, na huko hapana karatasi ya kumthibitisha fundi wa bao: mafundi wenzake ndio wamjuao.

Baadaye FIDE ililazimika kutafuta kipimo kisichotegemea sifa. Kipimo hicho kilibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia mjini Milwaukee, nacho kilikubaliwa na shirikisho mwaka 1970. Kila mchezaji hupewa idadi ya alama, na tofauti ya alama baina ya wawili hutabiri matokeo yao. Ushindi ukihesabiwa pointi 1 na sare nusu pointi, basi aliyemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kupata pointi kama 76 katika michezo 100. Akimzidi kwa 400, hupata kama 91. Akipata zaidi ya matarajio, alama zake hupanda. Akipata pungufu, hushuka.

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo msingi wa hoja yetu. Alama za Elo si kama kilo au mita. Hazipimi nguvu iliyomo ndani ya mchezaji. Hupima uhusiano baina ya wachezaji waliokutana mezani. Tukiwaongezea wachezaji wote wa dunia alama 1,000 usiku wa leo, kesho hapana kitakachobadilika, maana tofauti zimebaki zile zile. Kwa hiyo tusomapo kwamba programu fulani ina alama 3,500 na zaidi, ilhali Magnus Carlsen wa Norwe alifikia kilele cha 2,882 mwaka 2014, tusiharakishe kutoa moja katika nyingine. Programu zimepata alama hizo kwa kuchezeana zenyewe kwa zenyewe, katika orodha yao wenyewe. Ni vijiji viwili vilivyopima urefu wa watu wake kila kimoja kwa kamba yake. Kwamba mashine ina nguvu zaidi, hilo halina shaka. Lakini ni kwa kiasi gani, orodha hizo mbili haziwezi kutuambia.

Sasa masharti ya leo. Anayetaka cheo hana budi kufikia alama 2,500 za Elo wakati fulani katika maisha yake. Tena hana budi kutimiza vipimo katika mashindano kadhaa yenye jumla ya michezo isiyopungua 27. Katika kila kipimo sharti acheze kama mtu mwenye alama 2,600, akutane na Mabingwa Wakuu wasiopungua watatu, na wapinzani wake watoke katika nchi mbalimbali, ili watu wa mji mmoja wasipandishane vyeo kwa urafiki. Mwishowe, shirikisho la nchi yake ndilo linalopeleka maombi. Masharti haya hayakuandikwa kwa kuifikiria mashine. Ndiyo sababu yanafaa kuulizwa: ni lipi hasa miongoni mwao ambalo mashine haiwezi kulitimiza?

3. Mashine ilivyopanda ngazi

Historia ya mwanzo twaweza kuipitia haraka. Claude Shannon alichapisha mwaka 1950 maelezo ya jinsi kompyuta ingeweza kucheza: itazame hatua zinazowezekana, majibu yake, na majibu ya majibu, kisha ipime kila hali kwa tarakimu na kuchagua iliyo bora. Alan Turing naye alikuwa ameandika programu isiyokuwa na mashine ya kuiendesha. Mwaka 1952 aliicheza kwa karatasi na kalamu, yeye mwenyewe akiwa ndiye kompyuta, ikashindwa. Mwaka 1967 programu Mac Hack ya Richard Greenblatt, huko MIT, ilikuwa tayari inacheza katika mashindano ya watu, nayo ikafanywa mwanachama wa heshima wa shirikisho la Marekani. Mwaka 1968 David Levy, Mskoti na mchezaji hodari, aliweka dau kwamba kwa miaka kumi hapana kompyuta itakayomshinda. Agosti 1978 alilitetea dau lake mjini Toronto na kushinda, ingawa alipoteza mchezo mmoja. Miaka kumi na mmoja baadaye Deep Thought ilimshinda michezo minne kwa sifuri.

Tukio linalotuhusu zaidi ni la mwaka 1983. Shirikisho la Marekani liliitunuku Belle, mashine ya Ken Thompson na Joe Condon wa maabara ya Bell, cheo cha kitaifa cha bingwa, cheo kile kile walichopewa watu. Basi mtu asiseme kwamba jambo hili haliwezekani kwa asili yake. Limewahi kutendeka, ingawa katika ngazi ya chini ya ile ya FIDE.

Mei 1997 mjini New York, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, Bingwa wa Dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Iliweza kuchunguza hali za mchezo milioni 200 kwa sekunde moja. Dunia nzima iliandika habari zake, na wengi wadhani kwamba hapo ndipo mashine ilipostahili cheo. Tukiyafuata masharti neno kwa neno, haikustahili hata kipimo kimoja. Hadharani Deep Blue ilikutana na Kasparov peke yake, michezo sita mwaka 1996, ambapo ilishindwa kwa 4 dhidi ya 2, na michezo sita mwaka 1997. Mpinzani mmoja, nchi moja, michezo 12. Kijana yeyote angeambiwa: umefanya vizuri mno, sasa nenda ukacheze mashindano.

Mashine iliyokaribia zaidi haijulikani sana nje ya duru za wachezaji. Mwaka 2000 programu ya Waisraeli Amir Ban na Shay Bushinsky, iitwayo Junior, iliingizwa katika mashindano ya Dortmund, Ujerumani, baina ya wachezaji wakubwa wa dunia, akiwemo Vladimir Kramnik na Viswanathan Anand. Ilipata pointi 4.5 katika michezo tisa, nusu kamili. Dhidi ya wapinzani wa ngazi ile, nusu ni kiwango cha kama alama 2,700, yaani zaidi sana ya 2,600 zinazotakiwa. Michezo tisa, Mabingwa Wakuu tele, nchi mbalimbali: kwa hesabu, kipimo kilitimia. Na mwaka 2009 mjini Buenos Aires, programu ya Pocket Fritz, ikiendeshwa ndani ya simu ya mkononi, ilipata pointi 9.5 katika michezo 10.

Kwa hiyo nguvu haikukosekana. Tena yafaa tutanabahi kwamba nafasi ya kuipima ilikuwa fupi sana. Kati ya mwaka 1988 na 2000 hivi, mashine ilikuwa na wapinzani wa kulingana nao lakini haikuwa na ruhusa. Katika Uholanzi mwaka 2000, programu ilipoingizwa katika mashindano ya ubingwa wa taifa, mshiriki mmoja alikataa kuketi mbele yake akaukubali upungufu wa pointi. Leo pingamizi kama hizo hazina kazi, maana hapana mtu anayeweza kuipima: mchezo ambao matokeo yake yajulikana tangu mwanzo haumpimi yeyote.

4. Ni nani hasa atakayetunukiwa?

Ikiwa nguvu haikuwa kizuizi, kizuizi kilikuwa nini? Wako wasemao kwamba ni wivu wa watu. Hatukubaliani nao, ingawa wivu ulikuwepo. Tuichukue Deep Blue tena. Kati ya Februari 1996 na Mei 1997 chipu zake ziliundwa upya, na namna yake ya kupima hali za mchezo ikarekebishwa kwa msaada wa Bingwa Mkuu Mmarekani Joel Benjamin. Hata katika pambano la 1997 lenyewe, waundaji waliruhusiwa kuibadilisha baina ya mchezo na mchezo. Basi iliyocheza mchezo wa pili ndiyo iliyocheza wa kwanza? Cheo hutaka michezo 27 ya mchezaji mmoja. Tukihesabu michezo ya mashine kumi zenye jina moja, tumempima nani?

Mtu aweza kujibu kwamba binadamu naye hubadilika. Hujifunza, hufunzwa na walimu, na huja asubuhi na maarifa asiyokuwa nayo jana usiku. Ni kweli, na hoja hii yastahili heshima. Lakini binadamu hujibadilisha akiwa anakumbuka alivyokuwa, na kosa la jana analijibia yeye. Tena hana nakala. Junior iliuzwa madukani. Kama ingalitunukiwa cheo mjini Dortmund, je, kila mnunuzi angalikuwa amemweka Bingwa Mkuu nyumbani? Na programu ile ile ikiwekwa katika mashine ya kizamani iliyo nzito kufikiri, cheo kingalibaki au kingalipotea? Ni kitu gani hasa kinachotunukiwa: maandishi ya programu, chuma kinachoyaendesha, au watu waliokaa nyuma yake na kuamua lini ikubali sare?

Kuna pingamizi jingine, dogo kwa sura lakini zito. Sheria za sataranji zamkataza mchezaji kutazama maandishi yoyote wakati wa mchezo. Kompyuta, kwa upande wake, huingia mchezoni ikiwa na maktaba ya mianzo ya michezo, iliyoandikwa na watu, na mara nyingi ikiwa na majedwali yanayoonyesha matokeo kamili ya hali zote zenye kete chache. Je, inakumbuka, au inasoma kitabu? Mtetezi atasema inakumbuka, maana maktaba imo ndani yake. Mpinzani atasema inasoma, maana maktaba yaweza kuchomolewa bila kuidhuru. Sisi tunashuku kwamba maneno yote mawili yaliundwa kwa ajili ya watu, na hapa hayakai sawasawa. Hata hivyo programu AlphaZero, iliyotangazwa Desemba 2017, ililipunguza tatizo hili: haikupewa kitabu chochote, ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake, ikaishinda Stockfish, iliyokuwa miongoni mwa programu bora, kwa michezo 28 na sare 72 katika michezo 100, bila kushindwa hata mara moja.

Mwanafunzi wa sarufi hapa atatuuliza jambo la upatanisho. Katika makala hii tumeandika "Deep Blue ilishinda", kama tusemavyo motokaa ilipita. Tukisema "Deep Blue ni bingwa", sentensi inakubalika. Lakini tujaribu kuendelea: "bingwa huyu ameshinda" au "bingwa hii imeshinda"? Neno bingwa, ingawa wingi wake ni mabingwa, hudai upatanisho wa viumbe wenye uhai; "bingwa hii" linakera sikio. Basi ama tuitie mashine uhai wa kisarufi, kama hadithi zinavyomfanya sungura aseme, ama tuliache neno bingwa. Sarufi haiamui kesi za FIDE, lakini yaonyesha kwamba jina la cheo limekwisha kubeba ndani yake dhana ya mwenye nafsi.

Twaona basi kwamba masharti ya cheo yana tabaka mbili. La juu ni tarakimu, na mashine imezitimiza. La chini halikuandikwa kwa sababu hapana aliyedhani lahitaji kuandikwa: kwamba kuna mtu mmoja, anayecheza kwa akili yake mwenyewe, anayechoka na kusahau, na ambaye kesho ataitwa kwa jina hilo hilo na kuulizwa juu ya michezo yake. Cheo ni ushahidi juu ya mtu huyo. Alama za Elo ni njia ya kuupata ushahidi, si ushahidi wenyewe.

5. Swali lilivyogeuka

Mwaka 1770 mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa sanamu ya Mturuki iliyocheza sataranji na kuwashinda watu. Ilistaajabisha Ulaya kwa miongo mingi. Siri yake ilikuwa kwamba ndani ya sanduku alijificha mtu.

Siku hizi hila imepinduliwa. Mwaka 2015 Gaioz Nigalidze wa Georgia alikamatwa katika mashindano ya Dubai akiwa ameficha simu msalani. Mwaka 2019 Igors Rausis, aliyekuwa na umri wa miaka 58 na alama zilizokuwa zikipanda kama za kijana, alikamatwa mjini Strasbourg kwa kosa la namna hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa Mabingwa Wakuu. Wote wawili walivuliwa cheo. Sasa ni mashine inayojificha ndani ya mtu, na cheo ambacho miaka ya 1980 watu walijiuliza kama kipewe mashine, leo hunyang'anywa yule ambaye hatua zake zimekuwa za mashine.

Msomaji aliye mwalimu wa chuo kikuu amekwisha kutambua tunakoelekea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu zinazoandika insha zilipoenea, tasnifu inayowekwa mezani yaweza kuwa bora kuliko ilivyotarajiwa, na ubora huo usitwambie lolote juu ya mwanafunzi. Shahada nayo ina tabaka mbili. Kurasa, marejeo na hoja ni tarakimu zake. Lakini inachoshuhudia ni kwamba mtu huyu anaweza kufikiri hivi tena, asipokuwa na msaada. Kwa muda mrefu tuliyachukua mawili hayo kuwa kitu kimoja, kwa sababu hapakuwa na njia ya kulipata la kwanza bila la pili, isipokuwa kumwajiri mwenzako aandike.

Wachezaji wa sataranji wametangulia kukutana na hali hii, na wamejaribu njia mbili. Ya kwanza ni ya FIDE: kuilinda meza. Simu haziruhusiwi mchezoni, wachezaji hupekuliwa kwa vyombo vya kutambua chuma, na mitiririko ya michezo hulinganishwa na mapendekezo ya programu. Ni njia ya gharama na ya kutiliana shaka, na imewahi kuwatia doa hata wasiothibitishwa kosa.

Njia ya pili haijulikani sana. Shirikisho la sataranji ya barua, ICCF, lililoundwa mwaka 1951, huwaruhusu wachezaji wake kutumia kompyuta watakavyo, kwani mtu anayecheza nyumbani kwake kwa siku nyingi hawezi kulindwa. Shirikisho hilo nalo hutoa cheo cha Bingwa Mkuu, na hukitoa kwa mtu, si kwa mashine yake. Mchezaji huzisimamia programu zake, huzitilia shaka, na kuchagua wapi zitafute kwa kina. Michezo ya namna hiyo haina makosa makubwa, na kwa sababu hiyo hiyo iliyo mingi kabisa huishia sare. Katika fainali zao, anayepata ushindi mmoja au miwili huweza kuwa mbele ya wote. Cheo kipo, mtu yupo, na mashine ipo waziwazi mezani. Kilichobaki kuwa kigumu ni kumjua aliye hodari kuliko mwenzake.